Nyumba ya Pangani na Wanaoitunza Tusipokuwapo: Tathmini ya Huduma ya Miezi 18

Kwa miezi 18 sasa tumekuwa tukiilipa kampuni moja ndogo yenye ofisi mjini Tanga ili itutunzie nyumba yetu iliyo kaskazini kidogo ya mji wa Pangani, wakati sisi wenyewe tunaishi na kufanya kazi Arusha. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sehemu kubwa ya nitakayoyasema ni lawama na wao hawapo hapa kujibu, lakini naamini yeyote anayefikiria kununua huduma ya namna hii atafaidika kujua inatoa nini na haitoi nini. Hukumu yangu naitanguliza: wanatunza vizuri kile kinachoonekana kwenye picha, na wanatunza vibaya kile kinachoifanya nyumba ilalike usiku wa kwanza.

Usiku huo wa kwanza ndio kipimo changu, na sababu yake ni barabara. Kutoka Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400, na kutoka Tanga hadi Pangani zinaongezeka nyingine 50 hivi, kwa hiyo tunaoondoka saa kumi na moja alfajiri tunafika jioni, hasa ukiuongeza muda wa kununua mahitaji njiani. Si barabara mbaya. Ni barabara ndefu ambayo haikuachi uende mwendo wako, kwa sababu kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, matuta yake, na mara nyingi askari wa usalama barabarani aliyesimama kivulini na tochi yake, na faini ya shilingi 30,000 kwa kosa moja inamfunza hata dereva mkaidi kuhesabu vibao. Baada ya Himo joto huanza kupanda, na ukishapita Mwanga unakuwa na milima ya Upare mkono wa kushoto na nyika isiyo na mwisho mkono wa kulia, upepo wa Same ukilisukuma gari pembeni. Anayeshuka kutoka mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari anapaswa kuangalia maji ya rejeta na upepo wa matairi kabla ya kuondoka, kwa kuwa gari lililozoea baridi ya Arusha hudhihirisha maradhi yake yote kati ya Same na Mkomazi, mahali ambapo fundi wa karibu yuko mbali na kivuli kiko mbali zaidi.

Ninalipenda jambo moja katika safari hii, nalo ni kwamba tunasafiri na maji yetu. Mito inayotoka Meru na Kilimanjaro hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo Mto Pangani unateremka kando ya njia yetu, mara karibu, mara mbali, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme kule Hale, kisha unaingia baharini katika mji uleule tunaokwenda sisi. Watoto wetu wameugeuza kuwa mchezo wa kubishana nani atafika kwanza, sisi au mto. Mombo tunasimama kununua matunda yaliyoteremshwa kutoka Lushoto, Muheza tunanunua machungwa, na katikati yake ni mashamba ya mkonge, mmea ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta huku mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Mtu aliyekaa garini tangu alfajiri huwaonea huruma ile miche 938.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba mtu anapofika Pangani jioni, akiwa na watoto waliolala garini na mgongo unaouma, hahitaji uzuri. Anahitaji mambo manne: maji bombani, umeme, kitanda kikavu na mlango unaofunguka. Mkataba wetu na kampuni ulitaja yote manne kwa sentensi moja iliyoandikwa vizuri, ikisema kwamba nyumba itakuwa "tayari kwa matumizi" endapo tutatoa taarifa siku tatu kabla. Tulitoa taarifa siku tano kabla, nao wakatutumia picha tisa kwa simu: nyasi zimefyekwa, kuta zimepigwa chokaa upya, geti limepakwa rangi, kibaraza kimefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana mchangani. Mke wangu alimwonyesha kila mtu ofisini kwake.

Tulifika magharibi. Ufunguo uliingia kitasani lakini haukuzunguka, na mlinzi alilazimika kuudondoshea mafuta ya kula na kuupigapiga kwa nyundo taratibu mpaka ukakubali. Tangi lilikuwa tupu, kwa sababu pampu ya kisima ilikuwa inaunguruma bila kuvuta: kile kidude cha chini kinachozuia maji yasirudi kisimani kilikuwa kimeshikwa na kutu. Umeme ulikuwapo, lakini mita ilikuwa inalia kwamba uniti zinakwisha, na tuliponunua umeme wa shilingi 10,000 tulipata uniti chache kuliko tulivyozoea. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na mwenye nyumba asiponunua umeme kwa miezi kadhaa, deni hulimbikizwa na kukatwa siku atakaponunua. Hilo halikuwa kosa la serikali wala la mita. Lilikuwa kosa la aliyelipwa kila mwezi kuangalia nyumba na asinunue hata uniti kumi za kuiweka mita katika hesabu. Magodoro nayo yalikuwa na koga, yale madoa meusi yanayonukia kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, kwa kuwa madirisha yote yalifungwa kwa miezi miwili "kwa ajili ya usalama".

Asiyekaa pwani hudhani nyumba iliyofungwa inapumzika. Ukweli ni kwamba nyumba ya pwani hufanya kazi zaidi ikiwa haina mtu. Hewa ya chumvi huingia kwenye bawaba, vitasa, misumari na nyaya, na kwa kuwa hakuna mkono unaofungua na kufunga, chumvi inapata nafasi ya kutulia na kula. Unyevu unaobaki ndani hauna pa kutokea, hivyo huenda kwenye godoro, kwenye raba ya mlango wa friji na kwenye mbao za kabati. Mchwa hawasumbuliwi na nyayo. Popo wakishaona taa haiwaki jioni huhamia juu ya dari. Waliojenga nyumba za zamani za pwani walizijua hila hizi, ndiyo maana waliweka kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ndefu, na matundu ya hewa juu karibu na boriti ambayo hayafungwi kamwe. Sisi tulinunua nyumba ya matofali ya saruji yenye madirisha ya alumini ambayo yakifungwa yamefungwa kwelikweli, na kwa nyumba ya aina hiyo kumlipa mtu afyeke nyasi bila kufungua madirisha ni kumwogesha mgonjwa bila kumpa dawa.

Siku ya pili nilizungumza na mlinzi. Ni mzee wa hapohapo, aliyewahi kuwa mvuvi, na ndiye anayelala kwenye kibanda cha getini siku zote ambazo hatupo, ingawa mshahara wake unapitia kwa kampuni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunywa chai bila haraka, nilimuuliza kama alijua kwamba pampu imekufa. Alijua tangu wiki ya tatu. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanitazama kwa huruma kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kwenye karatasi yao hakuna mahali pa kuandika pampu."

Akaniletea karatasi yenyewe. Ni fomu ya ukurasa mmoja ambayo mkaguzi wa kampuni huja nayo mara moja kwa mwezi na kuijaza akiwa amesimama: nyasi, ua, geti, kuta za nje, taa za nje, kibaraza, usafi wa jumla. Mbele ya kila neno kuna kisanduku cha kutia alama ya vyema. Hakuna maji, hakuna umeme wa ndani, hakuna kitasa, hakuna gesi, hakuna paa, hakuna godoro. Kwa maneno mengine, karatasi ile inaikagua nyumba kama mpita njia anavyoiona akiwa barabarani, nasi tulikuwa tumeikubali bila kuisoma kwa sababu ilikuja imeambatishwa nyuma ya mkataba na yenye nembo. Lawama hiyo ninaibeba na wao.

Nimesema ni lawama nyingi, lakini haki itendeke. Katika miezi yote 18 hakijaibwa hata kijiko. Risiti zinakuja kila mwezi, zikiwa na mihuri ya maduka halisi ya Tanga na bei zinazolingana na zile ninazozikuta mwenyewe. Makuti ya kibaraza yalipoanza kuvuja, waliyabadilisha mwezi wa Februari, kabla ya masika, bila sisi kukumbusha, na kazi ilifanywa na fundi anayejua kusuka, maana mvua zote za Machi hadi Mei zilipita na hakuna tone lililoshuka ndani. Simu wanapokea. Mkaguzi wao ni kijana mwenye adabu asiyetoa ahadi za uongo, na tulipomlalamikia alikubali kosa bila kuzungukazunguka. Ada ya shilingi 180,000 kwa mwezi, ukiondoa mshahara wa mlinzi, siioni kubwa kwa kazi inayohitaji mtu kutoka Tanga na kurudi.

Kisichostahili fedha zake ni kile wanachokiita kifurushi cha kuwasili, ambacho kwa shilingi 90,000 zaidi wanakutandikia vitanda, wanakuwekea maji ya kunywa na chakula cha usiku wa kwanza. Tulikijaribu safari ya pili. Tulikuta friji ina mkate wa duka, soseji zilizogandishwa, siagi na juisi ya boksi, vyote vimetoka Tanga, wakati mita 300 kutoka kibarazani ngalawa zilikuwa zinarudi na changu na kolekole, na jirani yetu anauza samaki wa kupaka kila jioni kwa wanaoagiza mapema. Mke wangu alizipika zile soseji kwa hasira. Mtu anayekuja pwani hahitaji kukaribishwa kwa chakula alichokiacha Arusha. Anahitaji mtu wa kumwambia mama wa jirani asubuhi kwamba leo kuna watu sita wanakuja, nazi zikunwe.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo hakuna kampuni inayoweza kukufanyia, na sidhani kama inafaa wajaribu. Kuhamia mahali, hata kama ni nyumba ya kuja mara nne kwa mwaka, ni kujulikana. Tulipokwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kujitambulisha tulikuwa tayari tumemiliki nyumba kwa miezi minane, naye alitupokea kwa upole ulioficha swali la kwa nini tulichelewa. Kampuni ilikuwa imetuhakikishia kwamba "masuala ya utawala" yameshughulikiwa, na kweli yalishughulikiwa kwa maana ya makaratasi. Lakini jirani alikuwa amefiwa na mama yake mwezi uliotangulia, na nyumba yetu yenye geti jipya na taa za nje zinazowaka usiku kucha ndiyo pekee kwenye njia ile ambayo haikutoa mtu wala mchango. Mlinzi wetu alikwenda kwa nafsi yake, si kwa niaba yetu, kwa kuwa hakujua kama ana ruhusa ya kututaja. Tangu siku hiyo tumemwachia fedha kidogo za shughuli kama hizo na ruhusa ya kutumia busara yake. Hakuna kitu tulichokilipia Pangani kilichorudisha zaidi ya hicho: sasa tukiwa Arusha tunapata habari za nyumba yetu kutoka kwa watu ambao hatuwalipi.

Baada ya safari ya pili niliandika karatasi yangu. Nilikaa na mlinzi na fundi bomba kutoka mjini, tukaizunguka nyumba kuanzia kisimani hadi juu ya dari, na kila kitu ambacho mmoja wao alisema "hiki hufa chenyewe" tukakiandika. Pampu iwashwe kila Jumatatu kwa robo saa, iwe maji yanahitajika au hayahitajiki. Kila kitasa kifunguliwe na kufungwa mara moja kwa wiki na kipakwe mafuta ya mashine kila mwezi. Madirisha yafunguliwe asubuhi na kufungwa jioni isipokuwa mvua ikinyesha, na magodoro yasimamishwe ukutani yasilale. Friji izimwe, isafishwe na mlango wake uachwe wazi kwa kipande cha mti. Umeme ununuliwe kila mwezi hata wa shilingi 5,000. Mpira wa gesi uangaliwe ufa, mtungi ufungwe. Dari igongwe kwa fimbo kusikiliza kama kuna wapangaji. Nyasi niliziweka mwisho, kwa makusudi.

Kampuni iliipokea karatasi ile kwa mashaka, kisha ikaomba nyongeza ya shilingi 40,000 kwa mwezi kwa sababu mkaguzi sasa anahitaji saa mbili badala ya dakika 20. Nilikubali, kwa sharti kwamba nusu ya nyongeza iende kwa mlinzi, ambaye ndiye atakayewasha pampu Jumatatu. Hapo walisita kuliko nilivyotarajia. Ilibainika kwamba fedha tulizokuwa tukitoa kama mshahara wake hazikuwa zikimfikia zote, kwa kuwa walikuwa wanakata "gharama za usimamizi" ambazo mkataba ulizitaja kwa herufi ndogo na sisi hatukuziona. Si wizi, kwa kuwa imeandikwa. Lakini yeyote anayesoma tathmini hii na ana mkataba wa namna hiyo, autoe sasa hivi na aangalie kinachobaki mkononi mwa mtu anayelala getini kwake, maana mbele ya mtu huyo ndipo nyumba inapoharibika au kupona. Sasa tunamlipa mlinzi moja kwa moja kwa simu, na kampuni inalipwa kwa ukaguzi peke yake.

Safari ya tatu ilikuwa mwezi wa Julai, kusi ikivuma kwa nguvu zake zote na bahari imechafuka. Tulifika saa mbili usiku kwa sababu ya tairi lililopasuka karibu na Hedaru, na nilipoingiza ufunguo ulizunguka kwa kidole kimoja. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya chai kwa dakika moja, kisha yakasafika. Godoro moja lilinukia unyevu kidogo, mengine makavu. Feni ya chumba cha watoto haikuwaka, kwani chumvi ilikuwa imeifikia swichi yake, na hilo halikuwa kwenye karatasi yangu, hivyo nimeliongeza. Jirani alikuwa ametunza samaki sufuriani akiwa ameweka makaa juu ya kifuniko, wali wa nazi pembeni, na alikataa kupokea fedha mpaka kesho yake.

Kasoro moja bado haijapona, nayo ni ratiba. Kampuni huja kila mwezi kwa kiwango kilekile, kana kwamba miezi yote ni mmoja, wakati nyumba ya pwani ina kalenda yake. Februari inahitaji macho juu ya paa na mifereji ya maji ya mvua kabla ya masika, hasa kwetu sisi ambao maji ya kisima yana chumvi na tunategemea tangi la mvua kwa kupikia. Agosti na Septemba zinahitaji macho kwenye chuma, baada ya miezi ya kusi kurusha chumvi ukutani. Desemba, kaskazi ikianza na sisi wenyewe tukiwa tunakuja kwa sikukuu, hakuna haja ya mkaguzi kabisa. Nimependekeza ziara nane kwa mwaka zilizopangwa kwa misimu badala ya 12 zilizopangwa kwa tarehe, kwa ada ileile ya mwaka. Wamejibu kwamba mfumo wao hauruhusu, na kwamba watafikiria.

Kwa anayetaka alama, ninawapa sita kati ya kumi kwa huduma ya msingi kama walivyoiuza wao, nane kwa huduma kama ilivyo sasa baada ya karatasi yetu, na mbili kwa kifurushi cha kuwasili, moja ikiwa ya mashuka, ambayo kwa kweli yalikuwa masafi. Ningewapendekeza kwa mtu ambaye yuko tayari kuandika mwenyewe anachotaka kikaguliwe, na nisingewapendekeza kwa anayetaka kusaini, kulipa na kusahau. Mkataba wetu unaisha mwezi ujao. Nimewaandikia kwamba nitauongeza kwa mwaka mmoja wakikubali ziara za misimu, na wakikataa fundi bomba wa Pangani amekwisha kuniambia bei yake, ambayo inajumuisha dari.